Najisi Chini ya Udi

Mkojo wa paka peke yake ni harufu kali, lakini ni harufu moja. Ukichanganyika na moshi wa udi huwa kitu kingine, ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Utamu hutangulia puani, kisha uchungu hufuata nyuma yake, kama mtu anayetafuna kashata akakuta ndani yake jino bovu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, kulikuwa na majira mazima ya baridi ambayo niliamka na harufu hiyo, nikala nayo wali na nikalala nayo. Ilikaa kwenye nywele zangu hata baada ya kuoga. Nilikunywa chai ya maziwa nimebana pua, na bado niliihisi kwenye ukingo wa kikombe. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Aliyesema hivyo hakuwahi kufuga paka ndani ya nyumba ya orofa, kwa sababu mkojo wa paka wa jana hunuka kuliko wa leo, na wa juma lililopita hunuka kuliko yote.

Tulikaa orofa ya pili ya jengo la mawe nyuma ya River Road, katikati ya jiji la Nairobi. Wazazi wangu walikuwa watu wa Mombasa. Baba alikuwa na duka chini ya jengo hilohilo, duka jembamba la tende, viungo na ubani, na kwa kuwa halikuwa na nafasi, magunia ya tende yaliwekwa juu, katika chumba chetu cha nyuma. Chumba cha kati tulilala sote. Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa la kutazama barabara, kilikuwa chuo cha mama. Kila alasiri watoto wa Kiislamu wa mitaa ile, wengi wao watoto wa wenye maduka na makarani waliotoka pwani kama sisi, walipanda ngazi, wakavua viatu mlangoni, wakaketi juu ya majamvi na juzuu zao mbele yao. Mama alikaa kwenye kigoda na ufito mrefu ambao sikuwahi kumwona akimpiga nao mtu. Aliutumia kuonyesha herufi. Watu walimwita Mwalimu, hata wanaume waliokutana naye ngazini. Aliwahi kumwambia baba, mimi nikisikia, kwamba Mombasa alikuwa binti wa fulani na mke wa fulani, na kwamba ilimlazimu kuja kwenye mji wa baridi na wageni ili awe mtu mwenyewe. Chuo kile kilikuwa jina lake.

Paka aliletwa kwa sababu ya panya. Panya wa katikati ya jiji walikuwa wanene na hawakuwa na haya. Walitoboa magunia, wakala tende na kuacha kokwa zimepangwa kando ya ukuta kama vile wana desturi zao. Baba alimpata paka kwa mwuza samaki wa sokoni, paka jike mweusi tii, na mama akamwita Chausiku. Katika dini yetu paka mwenyewe si najisi. Akinywa maji ndani ya bakuli, maji yale bado yanafaa kutawadhia. Lakini mkojo wake ni najisi kama mkojo mwingine wowote, na jamvi lililopatwa nao halisaliwi wala halisomewi Kurani mpaka lisafishwe. Kule Mombasa jambo hili halikumsumbua mtu, maana paka alikwenda uani akachimba mchanga, akafukia, basi. Sisi hatukuwa na ua. Baba alikata sanduku la sabuni la mbao likawa kama trei, akaliweka kwenye kikorido kati ya jiko na chumba cha mbele, nasi watoto tukachota udongo mwekundu kwa karai kutoka mahali palipokuwa pakijengwa jumba jipya mtaa wa pili, tukaupandisha ngazi. Chausiku aliuelewa udongo ule siku ya kwanza. Alichimba, akachuchumaa akitazama mbali kama mtu mwenye heshima zake, akafukia. Panya walipungua. Kwa majuma kadhaa tulikuwa na furaha naye.

Hapa inafaa nieleze desturi ya mama, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka humo. Kila Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa, aliwasha makaa, akayatia katika chetezo cha udongo na kuweka juu yake vipande vya udi alivyotumiwa na dada yake. Alifukiza nguo zetu moja moja, akafukiza mapazia na mashuka, akatembea na chetezo kila pembe ya nyumba, kisha akanyunyiza marashi ya waridi. Mwanamke wa pwani ambaye nyumba yake hainukii huhesabiwa kuwa mvivu au mwenye huzuni. Sanduku la paka lilipoingia nyumbani, mama alilionea kinyaa, nami simlaumu. Kwa hiyo kila Alhamisi alianza kulifukiza nalo pia. Alikiweka chetezo ndani ya sanduku, juu ya udongo, akakiacha humo mpaka makaa yazime, halafu akamalizia kwa marashi. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, jinsi mtu anavyompaka mgeni mafuta mazuri.

Haukupita muda Chausiku akaanza kukojoa kwenye majamvi. Mara ya kwanza mimi ndiye niliyegundua, kwa goti. Nilipiga magoti pembeni, karibu na ukuta, nikahisi baridi, kisha unyevu, na harufu ikapanda kupitia gauni langu mpaka usoni. Mkojo ule ulikuwa mzito kuliko maji, wa njano iliyokaribia hudhurungi, na uliingia katikati ya miyaa iliyosukwa, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Jamvi lilipokauka lilikakamaa mahali pale, likawa linakwaruza, na ukipitisha ukucha ulitoka na unga mweupe wenye harufu ya kuchoma macho. Nilitapika kwenye ndoo. Siku ya pili ilikuwa pembe nyingine. Siku ya nne ilikuwa kitambaa cha kufunikia marufaa, vile vibao tunavyowekea misahafu, na mama alipokiona aliketi chini.

Alifanya kila alichojua. Alisugua kwa sabuni ya mche na maji ya moto, akaanika majamvi juu ya paa la jengo, lakini ulikuwa mwezi wa Julai na jua la Nairobi mwezi huo ni la kuazima. Majamvi yalirudi ndani yakiwa bado mabichi, na ubichi uliamsha harufu upya. Baba alimsukuma paka pua kwenye mkojo wake mwenyewe, kama watu walivyofanya zamani, na paka akamparura mkono na kukojoa chini ya kitanda. Tulipaka ndimu. Tulinyunyiza pilipili manga, tukapiga chafya sisi, paka akaruka akapita. Na kila lilipoharibika jambo moja mama aliongeza udi. Alhamisi ikawa haitoshi. Akafukiza Jumatatu, kisha kila siku kabla watoto hawajaja, nyumba nzima na sanduku pamoja. Watoto waliingia wakifikicha macho kwa moshi. Chini ya moshi ule mkojo ulikuwa palepale, umekaa, unasubiri makaa yapoe.

Mlango wa pili kwenye orofa yetu alikaa Mama Auma, Mkristo kutoka Kenya ya magharibi, ambaye mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Yeye na mama walipendana kwa njia ya kutaniana. Mimi naitwa Zubeda, kwa hiyo mama kwake alikuwa Mama Zubeda. "Mama Zubeda," alisema siku moja akiwa kwenye ngazi, ameziba pua na ukingo wa leso, "hiyo paka yako mlinunua ya kushika panya ama ya kukojoa?"

"Ya panya, shoga yangu. Kukojoa ni bakshishi."

"Basi rudisha hiyo bakshishi. Nguo zangu kwa laini zimeanza kunuka kama kwenu, na mimi sijui hata kusali kwenu kunaendaje."

Mama alicheka, lakini alipofunga mlango uso wake ulibadilika. Kama jirani anasikia harufu akiwa ngazini, mzazi anayekuja kumchukua mtoto wake anasikia pia.

Aliyekuja alikuwa Bi Rukia, mke wa mwenye duka la vitambaa katika Biashara Street, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeheshimiwa na wanawake wote wa pwani waliokuwa pale mjini. Bintiye Mwanaisha alikaa karibu nami chuoni. Bi Rukia aliingia na gauni jeupe la Mwanaisha limekunjwa ndani ya karatasi, na hakukubali kuketi.

"Bi Salma, mwanangu amerudi nyumbani ananuka."

"Ananuka nini?" mama aliuliza, ingawa alijua.

"Waniuliza mimi? Wewe ndiye ukaaye humu." Alifungua karatasi. Upindo wa gauni ulikuwa na duara la njano. "Nilipomvua nilidhani ni udi. Nikanusa mara ya pili."

Mama alisema kwamba majamvi yanaoshwa na nyumba inafukizwa kila siku.

"Naam, nasikia. Nyumba yako yanukia kama nyumba ya harusi. Lakini ni wewe uliyemfundisha Mwanaisha, naye akatusomea kwa sauti mbele ya babake, kwamba najisi haijaondoka mpaka iondoke rangi yake, na ladha yake, na harufu yake. Hakutusomea kwamba harufu ikifunikwa imeondoka. Au kuna kitabu kingine, Bi Salma? Nifungulie na mimi nisome."

Nilikuwa nimesimama kwenye kikorido na nilitamani mama ajibu. Bi Rukia alilikunja gauni polepole, akasema Mwanaisha atakaa nyumbani, na kwamba Ijumaa ya juma lile wanawake wanakutana kwake kwa maulidi. Wakimwuliza kwa nini mtoto hasomi, hatasema uongo. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Wanawake wale ndio waliokuwa mama za wanafunzi wote. Wakisikia kwamba watoto wao wanasoma Kurani juu ya mkojo, chuo kingekuwa kimekwisha kabla birika la kahawa halijapoa.

Jioni ile baba alisema paka aondoke. Alikuwa na mteja mwenye bucha huko Dagoretti Corner aliyetaka paka, na angekuja kumchukua Alhamisi. Panya watarudi, alisema baba, lakini panya hula tende tu. Mama alikubali. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Alichukua chetezo, akamwaga majivu yake, akakiosha na kukipindua juu ya kabati. "Mficha maradhi, kifo humwumbua," alisema. "Nataka kuinusa kama ilivyo."

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote ninazozikumbuka za utoto wangu. Moshi ulipoondoka, mkojo ulisimama peke yake katikati ya nyumba, mtupu, bila nguo. Ndipo tulipojua ni mwingi kiasi gani. Mama alitoa majamvi yote nje, akafunga chuo kwa kisingizio cha mafua, akatuagiza mimi na kaka yangu tupige magoti pamoja naye na kunusa sakafu. Hatukutumia macho, kwa sababu sakafu ya saruji haionyeshi kitu. Tulitambaa pua chini, kutoka dirishani hadi mlangoni, na kila mmoja aliposikia harufu aliita, na mama alikuja na maji ya moto na brashi. Vumbi lilituingia puani. Nakumbuka nilipofika nyuma ya mlango, mahali paka alipokuwa akirudia kila siku, nilipigwa na harufu iliyooza kiasi kwamba mate yalinijaa mdomoni, mate mepesi ya kabla ya kutapika, na mama akaweka kiganja chake mgongoni pangu akasema, "Tema, kisha unuse tena." Majamvi matatu hayakusafishika kabisa. Mama aliyanusa kwa kuyabandika usoni, akayakunja, akayatupa. Aliyokuwa ameyasuka bibi yake yalikuwa miongoni mwa hayo.

Jumanne asubuhi kaka yangu alikuta sanduku limechimbwa. Tulikuwa tumetia udongo mpya, kwa mazoea tu, na paka alikuwa ameutumia na kuufukia vizuri. Jumanne jioni tena. Mama alisimama juu ya sanduku kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Jumatano alikiteremsha chetezo, akawasha makaa, akatia kipande kidogo cha udi, akakiweka sandukuni kama alivyozoea. Sisi sote tulikaa kikoridoni kutazama, na Mama Auma, aliyekuja kuazima ungo, akabaki amesimama mlangoni. Mama alikiondoa chetezo kilipopoa. Chausiku alikuja, akaweka mguu mmoja juu ya udongo, akanyoosha shingo, akapiga chafya. Aliukung'uta mguu ule kama aliyekanyaga maji, akageuka, akatembea moja kwa moja mpaka chumba cha mbele nyuma ya mlango, akaanza kuchuchumaa. Mama alimdaka hewani.

"Aa," alisema Mama Auma kwa utulivu, "hata mimi hiyo moshi yenu hunitoa kwa nyumba, sembuse paka."

"Na hukuniambia?"

"Ningesema nini? Mimi nilifikiri hiyo ni maombi. Mtu haezi ambia jirani apunguze maombi."

Mama alikaa chini palepale sakafuni, paka mapajani, akacheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Paka alikuwa ameifuata desturi yake tangu mwanzo. Alitafuta udongo unaonuka udongo, nasi tulimpa udongo unaonukia bibi harusi. Kadiri alivyokojoa nje ndivyo tulivyofukiza, na kadiri tulivyofukiza ndivyo alivyokojoa nje. Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu kikuukuu kuhusu wanyama kwamba pua ya paka ni kali mno na kwamba huepuka manukato, nikaona sentensi moja ingetuokolea majira mazima ya uchafu. Lakini nani angetuandikia sentensi hiyo wakati ule?

Mwenye bucha alipokuja Alhamisi alipewa tende na maneno ya kuomba radhi badala ya paka. Siku hiyohiyo mama alimtuma kaka yangu kwa Bi Rukia, amwombe aje kabla ya maulidi, na Bi Rukia alikuja, kwa sababu alikuwa mgumu lakini si mwovu. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, saruji iliyosuguliwa mpaka ikapauka, na majamvi mawili tu yaliyobaki. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ya Julai inaingia.

"Nusa," alisema mama.

Bi Rukia alimtazama. Kisha alikusanya buibui lake, akapiga magoti, mwanamke yule wa heshima zote, akainamisha uso kwenye jamvi. Akahamia la pili. Akaenda pembeni.

"Sisikii kitu."

"Na nyuma ya mlango."

"Bi Salma, mimi si mbwa," alisema, lakini alikwenda nyuma ya mlango akainama. Aliponyanyuka alipangusa mikono. "Kesho Mwanaisha atakuja." Alitazama huku na huku, akavuta pumzi tena, safari hii akitafuta kitu kingine. "Lakini nyumba yako sasa imekuwa kama hospitali. Udi hufukizi tena?"

Sanduku lingeweza kuhamishwa. Mama angeweza kufukiza nguo peke yake, juu ya paa, na paka asingejua. Nilidhani atasema hivyo.

"Ukisikia humu harufu yoyote, hata nzuri," mama alisema, "ujue nimeanza kuficha."

Akashikilia neno lake kwa miaka yote ambayo chuo kilidumu, hata baada ya Chausiku kufa na baba kuhamishia tende zake kwingine. Vifurushi vya udi vilivyotoka Mombasa aligawa. Alikwenda harusini na nguo zilizonuka sabuni ya mche na upepo, na wanawake waliomkumbatia walirudi nyuma kidogo, kwa mshangao, wakisema Bi Salma amegeuka mtu wa bara. Nilimwona mara moja, ngazini, amesimama karibu na mlango wa mtu aliyekuwa akifukiza, amefumba macho, anavuta pumzi. Aliponiona alinyanyua kikapu akapanda.

Sasa ninaishi Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, ambako ardhi ingali karibu na mlango. Paka wa majirani huchimba kwenye mashamba ya sukuma wiki na hakuna anayewatazama mara mbili. Nyumba za kupangisha zinazojengwa hapa kila mwaka zinafanana na ile yetu ya River Road, orofa juu ya orofa bila ua, na kila nikiingia ndani ya mojawapo napokewa na manukato ya kopo: waridi chooni, ndimu jikoni, kitu kama peremende sebuleni. Wenyeji hufurahi wanaponiona nikivuta pumzi. Hawajui kwamba sisifii. Ninatafuta kilicho chini. Mara nyingi kipo, unyevu wa ukuta au bomba lililoziba au mnyama. Watu wa leo wana maji ya bomba, dawa za kila namna na brashi nzuri kuliko zetu, lakini naona wanazidi kupenda kufunika. Labda wana haraka. Kunusa sakafu kunahitaji magoti.

Mama alipofariki wanafunzi wake wa zamani walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wanawake wenye mvi na wajukuu. Mwanaisha aliketi nami baada ya dua. Alikumbuka ufito, alikumbuka kigoda, alikumbuka baridi ya saruji na wimbo wa herufi. Kisha alisita. "Kuna jambo moja la ajabu," alisema. "Nyumba ya bibi yangu naikumbuka kwa harufu yake, na ya mama, na hata ya shule. Ya Mwalimu sikumbuki hata kidogo. Kama vile haikuwa na harufu." Alisema hivyo kwa aibu, kama anayeomba radhi kwa kusahau. Nilimshika mkono. Watu walikuwa wamemsifu mama yangu tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amefikia hapo.